Kosa lina kanuni yake: namna ya kusoma daftari la anayejifunza lugha ya pili

"Yesterday my mother he go to market and buyed fish Ferry." Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza Temeke, Ubungo au Kinondoni ameshakutana na sentensi ya namna hii. Kalamu nyekundu inaipitia mara tano, pembeni inaandikwa "ongeza bidii", na daftari linarudi kwa mwenyewe. Mwanafunzi anatazama alama aliyopata, anafunga daftari. Hapo hakuna aliyejifunza kitu, si mwanafunzi wala mwalimu, ilhali sentensi hiyo moja imebeba habari nyingi kuliko maswali 20 ya kuchagua jibu.

Tuisome upya, neno kwa neno. Tuanze na "my mother he". Wengi huona kosa moja tu, kwamba mama ameitwa "he". Yapo mawili. Kwanza, kiwakilishi chenyewe hakikutakiwa kuwepo. Kiswahili husema "mama yangu alikwenda", na ile "a-" mwanzoni mwa kitenzi haikwepeki hata pale mtenda ameshatajwa. Mwanafunzi ameihamisha "a-" hiyo pamoja na mizigo yake, akaipa umbo la "he". Pili, "a-" ya Kiswahili haijali jinsia: ni ileile kwa mama, kwa baba na kwa ng'ombe. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujua vizuri kabisa maana ya "she", na bado akiandika kwa haraka akaliokota lile neno alilolizoea zaidi.

"To market" haina "the" kwa sababu Kiswahili hakina maneno ya aina hiyo, "sokoni" inajitosheleza. "Fish Ferry" ni "samaki Feri" ya kila siku, kwani mtu wa Dar es Salaam husema amenunua samaki Feri, yaani kwenye soko la samaki la Feri, bila kuhitaji neno la kuunganisha. Hayo yametoka nyumbani, yaani kwenye lugha ya kwanza ya mwanafunzi.

"Buyed" haikutoka nyumbani. Hakuna kitu katika Kiswahili kinachofanana nayo, na hakuna mwalimu aliyeitamka darasani. Mwanafunzi ameitengeneza mwenyewe kwa kuchukua kanuni ya "-ed" na kuipeleka kwenye kitenzi kisichoifuata. Hili ndilo neno la thamani kuliko yote katika sentensi ile. Linatuambia kwamba kanuni ya wakati uliopita imeshaingia kichwani, kwa kuwa huwezi kukosea kanuni usiyokuwa nayo. Mwenzake aliyeandika "buy" tupu yuko nyuma yake, ingawa kalamu nyekundu huwapa wote wawili mstari uleule.

Mtazamo huu ulipata nguvu mwaka 1967, pale mwanaisimu S. Pit Corder alipoeleza kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa mfumo anaoujenga. Mwaka 1972 mwanaisimu mwenzake, Larry Selinker, akaupa mfumo huo jina la "interlanguage". Kwa Kiswahili tunaweza kuuita lugha ya kati. Si lugha ya mama, wala si lugha inayolengwa, lakini ina kanuni zake, na kanuni hizo hubadilika kadiri mtu anavyoendelea. Corder pia alitenganisha kosa na kuteleza. Kuteleza kunampata yeyote, hata mzawa, akichoka au akiharakishwa. Kosa hutokana na kanuni ambayo bado haijakaa sawa. Kuvitofautisha hakuhitaji kifaa chochote. Mrudishie mwanafunzi sentensi yake kesho yake, umwambie kuna kasoro kwenye kitenzi bila kumtajia jibu. Akirekebisha mwenyewe, aliteleza. Akibaki anaitazama, au akabadilisha sehemu iliyokuwa sahihi, hilo ni kosa, na hapo ndipo pa kufundisha.

Wanaojifunza Kiswahili wanatupa mifano inayoonekana wazi zaidi, maana hapa sisi ndio wazawa. Mgeni wa wiki ya kwanza husema "njoo hapa" bila tatizo. Amelisikia kwenye daladala na dukani, amelikariri lilivyo. Miezi miwili baadaye anafundishwa kuamuru: soma, andika, kimbia, kisha kula na kunywa zinazobaki na "ku-" yake. Ghafla anaanza kusema "kuja hapa". Jirani anadhani amesahau, kumbe amesonga mbele. Mwanzo alikuwa na neno moja la kukariri, sasa ana kanuni, na kanuni hiyo imemeza neno ambalo lilikuwa nje yake. Akiendelea kusikia lugha ya kutosha, "njoo" itarudi, safari hii ikiwa imeeleweka kwamba ni ya pekee. Mwalimu asiyeijua safari hii ya kushuka na kupanda huhofu, akamrudisha mwanafunzi kwenye kukariri.

Ndivyo ilivyo pia kwa ukanushi. Kwanza "hapenda", kisha "hapendi", kisha kwa muda "hafahami" na "hajibi", kwa sababu amejifunza kwamba "a" ya mwisho hugeuka "i" na bado hajagundua kwamba fahamu na jibu hazina "a" ya kugeuza. Na "kijana kile" badala ya "kijana yule" haitokani na Kiingereza, Kifaransa wala Kichina. Imetoka ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa mtu aliyeishika vizuri ngeli ya KI-VI na hajafika kwenye viumbe hai.

Hapa kuna tahadhari kwa wanafunzi wa vyuo wanaopanga utafiti wa eneo hili. Msiandike "lugha ya kwanza: Kiswahili" kwa darasa zima kwa sababu tu shule iko Dar es Salaam. Mtoto aliyehamia Mbagala akiwa na miaka 10 kutoka kijiji cha Wasukuma ana Kiswahili kama lugha ya pili na Kiingereza kama ya tatu. Anayeandika "samani ya kitabu" akimaanisha thamani anaweza kuwa amekulia lugha isiyo na sauti ya "th". Dodoso liulize mambo ya kweli: uliongea lugha gani na bibi kabla ya kuanza shule, unaongea lugha gani na ndugu zako sasa, unahesabu kwa lugha gani ukiwa peke yako. Maswali hayo matatu huzuia maelezo mengi ya uongo kwenye sura ya matokeo.

Ukusanyaji wenyewe hauna gharama kubwa. Kwa darasa moja, insha 30 zinatosha kuanza, kila moja ya maneno 150 hadi 200, ziandikwe darasani kwa dakika 30, mada moja, bila kamusi wala simu. Insha ya nyumbani haifai, kwa sababu hutajua kaka ameandika sehemu gani. Chagua mada inayolazimisha kile unachokitafuta: ukitaka wakati uliopita, omba habari ya siku iliyopita, si "faida za kilimo". Ondoa majina, weka namba. Pata kibali cha utafiti kupitia chuo chako, ruhusa ya mkuu wa shule, na kwa walio chini ya miaka 18 ridhaa ya mzazi au mlezi. Unaponakili kwenye kompyuta, nakili kila herufi ilivyo na uzime kirekebisha tahajia, la sivyo kitakufutia data bila wewe kujua.

Kosa la kwanza la watafiti wachanga ni kuhesabu makosa peke yake. Mwanafunzi mwenye makosa 12 katika maneno 150 ana makosa 8 kwa kila maneno 100. Mwenzake mwenye makosa 15 katika maneno 300 ana makosa 5. Ukitazama jumla, wa kwanza ni bora. Ukigawanya, wa pili ndiye bora. Na hata kugawanya kwa maneno hakutoshi. Pitia insha na uweke alama kila mahali ambapo kanuni ilitakiwa itumike, iwe imetumika au la. Kama wakati uliopita ulitakiwa mara 20 na umewekwa sawasawa mara 13, usahihi ni asilimia 65. Takwimu hiyo inaweza kulinganishwa na ya mwezi ujao. "Makosa 7" peke yake haiwezi.

Kosa la pili limejificha zaidi. Mwaka 1974 Jacquelyn Schachter alilinganisha wanafunzi wa Kiingereza wenye lugha za kwanza tofauti, akachunguza vishazi rejeshi, yaani vipande vya sentensi vinavyoeleza nomino, kama "nilichokisoma" katika "kitabu nilichokisoma". Wachina na Wajapani walikuwa na makosa machache kuliko Waajemi na Waarabu. Alipohesabu matumizi yote, alikuta kwamba Wachina na Wajapani walivitumia vishazi hivyo mara chache mno. Walivikwepa. Kiswahili cha wageni kimejaa ukwepaji wa aina hiyo: badala ya "kitabu nilichokisoma", mtu huandika "kitabu ambacho nilisoma", au hukata sentensi vipande viwili. Insha inatoka safi, nasi tunampa alama 9 kati ya 10 kwa kitu asichokijua. Kwa hiyo safu ya "mara ilipotumika" kwenye jedwali lako ina uzito uleule wa safu ya "mara ilipokosewa".

Mpe mtu wa pili sehemu ya insha, tuseme 6 kati ya 30, aziwekee alama bila kuona zako. Mkikubaliana kwenye nafasi 88 kati ya 100, endelea. Mkikubaliana kwenye 60, tatizo haliko kwa wanafunzi. Maelezo yako ya kosa ni nini hayajaeleweka, yaandike upya kabla ya kugusa insha nyingine.

Sasa mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 afanye nini na haya yote? Asisahihishe kila kitu. Kuna ubishi wa kitaaluma juu ya jambo hili tangu mwaka 1996, John Truscott alipodai kwamba kusahihisha sarufi kwenye insha hakusaidii, na Dana Ferris akampinga mwaka 1999. Msimamo wetu ni kwamba kusahihisha kunasaidia pale kunapolenga aina moja au mbili za kosa kwa wiki kadhaa, na kunapomwachia mwanafunzi kazi ya kurekebisha. Kwa mfano, wiki hizi tatu ni wakati uliopita tu. "The" iliyokosekana ipite bila wino. Mzazi anayeona daftari lina makosa yasiyowekewa alama aelezwe mapema, asije akadhani mwalimu ni mvivu.

Kwa mazungumzo darasani, uchunguzi wa Roy Lyster na Leila Ranta uliochapishwa mwaka 1997 una somo la moja kwa moja. Katika madarasa manne ya shule za msingi nchini Kanada, ambako watoto walifundishwa kwa Kifaransa, zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa. Ni njia ya upole, lakini ndiyo iliyozaa marekebisho machache zaidi kutoka kwa watoto, kwa kuwa mtoto husikia tu kwamba mwalimu amekubali. Mtoto akisema "mother he go", ukijibu "oh, she went to the market", atatikisa kichwa na kuendelea. Ukisema "yesterday my mother…" kisha ukanyamaza sekunde tatu au nne ukimtazama kwa uso mwema, atalitafuta neno mwenyewe.

Na yapo makosa ya kusubiri. Ile "-s" ya "she goes" hufundishwa mapema kwa sababu maelezo yake ni mafupi, lakini wanaojifunza Kiingereza huimudu wakiwa wamechelewa, baada ya "-ing" kukaa siku nyingi. Kumkata alama mtoto wa kidato cha kwanza kwa "-s" katika muhula wa kwanza ni kumdai deni ambalo muda wake haujafika.

Ukitaka kujua kama somo limeingia, usipime Ijumaa ya wiki uliyofundisha. Ijumaa hiyo utapima kumbukumbu, na karibu kila mtu atafaulu. Subiri wiki nne, toa mada mpya inayolazimisha kanuni ileile, muda ule ule wa dakika 30, bila kuwatangazia kwamba unatazama vitenzi. Hesabu nafasi zilizotakiwa na zilizokaa sawa. Na ukikuta "buyed" imegeuka "bought" huku "goed" imeanza kuonekana mahali palipokuwa na "go", iandike kwenye safu ya maendeleo.