Kudaiwa siyo kuhukumiwa: barua ya paking kabla ya kesi

Juzi nilikuwa kwa shemeji yangu Reading, Uingereza, tumeshamaliza pilau, akainuka akatoa bahasha juu ya friji akanirushia. "Soma mwenyewe, wamenipeleka mahakamani kwa ajili ya paking." Nikasoma. Hawajampeleka popote. Juu imeandikwa Letter Before Claim, wanataka pauni 170, nyuma kuna fomu ya visanduku vya kuweka tiki ambayo wala haijaguswa, na kona moja ina duara la kikombe cha chai. Ni mara ya nne au ya tano mwaka huu nasikia barua hii inaitwa samansi, kuna mama mmoja aliniambia kabisa "nimepigwa faini na korti", nikameza mate nikanyamaza manake ni mtu mzima. Leo sinyamazi.

Kwa kifupi: kwa England na Wales, kampuni inayomdai mtu binafsi pesa inatakiwa, kabla ya kufungua kesi, imwandikie barua ya kumweleza inadai shilingi ngapi, za nini, imwekee fomu ya kujibu na impe siku 30. Utaratibu huu ulianza tarehe 1 Oktoba 2017. Hiyo ndiyo letter before claim, imeisha. Na sisi tunalo jina lake zuri tu, notisi ya kusudio la kushtaki, kama ile ya siku 90 ambayo Tanzania lazima uipe serikali kabla hujaishtaki. Kusudio! Mtu amekusudia. Mtu akikusudia kuoa hatujamletea zawadi bado.

Sasa tuje kwenye kinachonikera, na nadhani kosa sio la shemeji, kosa ni la Kiswahili chenyewe. Mwenye duka akikwambia "nakudai elfu tano" hasemi kwamba ana hoja anataka muijadili, anasema una deni lake, lete. Kwetu nakudai na una deni langu ni kitu kimoja. Ndiyo maana tunasema wadaiwa sugu, ukisikia majina ya wadaiwa sugu yametangazwa hakuna anayeuliza kama kweli wanadaiwa, tunauliza tu ni nani na nani. Kwa hiyo shemeji anaposema "wananidai pauni 170" kichwani mwake tayari kashashindwa kesi, na sisi tuliokaa pale sebuleni tukamtazama kama aliyeshindwa kesi, mke wake akaanza hesabu za kukopa.

Lakini dai na deni hata udugu hawana. Yote tumeyatoa kwa Waarabu, sawa, ila kila moja kutoka mlango wake. Deni linatokana na dayn, kitu kilichokukalia shingoni hadi ukilipe. Dai limetoka kwenye shina la kuita na kuomba, shina hilo hilo lililotupa daawa ya mahakamani na, sikiliza hapa, dua. Ndiyo, dai na dua ni watoto wa nyumba moja. Anayedai anaita, anaomba apewe. Na dua zote tunazoomba hatujapata kusikia kwamba zimejibiwa zote, sembuse za kampuni ya paking.

Mahakamani tofauti hii bado ipo hai. Kwenye kesi ya madai kuna mdai na mdaiwa, na mdaiwa pale maana yake ni yule aliyeelekezewa dai, hata kama hana deni la senti tano. Anaweza akaingia mdaiwa akatoka mdaiwa na asilipe kitu. Mtaani mdaiwa ni mwenye deni. Neno moja, maana mbili, na barua ya paking inapenya katikati hapo.

La pili ni faini. Neno lenyewe la Kiingereza tulilolikopa lina asili ya Kilatini, finis, mwisho, yani pesa unayotoa ili jambo liishe. Na mwenye uwezo wa kukumalizia jambo hivyo ni mwenye mamlaka: hakimu, polisi, halmashauri kwa sheria iliyompa. Kampuni binafsi inayolinda maegesho ya supamaketi haina faini ya kukupiga, inachosema ni kwamba uliposimamisha gari uliingia mkataba kupitia lile bango, ukauvunja, na bango lilisema ukiuvunja utalipa kiasi fulani. Wanajua watu wanachanganya, na herufi zinawasaidia: ya halmashauri ni PCN kwa maana ya Penalty Charge Notice, ya kampuni nayo ni PCN, ila P yake ni ya Parking tu. Bahasha zinafanana, rangi zinafanana.

Na usije ukaruka upande wa pili ukasema basi kama siyo faini ni karatasi ya kufungia maandazi. Wako wanaosema hivyo, na hao wananikera zaidi kuliko wa samansi. Barry Beavis alipitiliza dakika 56 kwenye maegesho ya bure ya saa mbili kule Chelmsford mwaka 2013, wakamdai pauni 85, akapanda nayo mpaka Mahakama ya Juu, na Novemba 2015 majaji wakasema zile pauni 85 siyo adhabu haramu, kampuni ina maslahi halali ya kutaka magari yapishane, lipa. Kwa hiyo dai la paking linaweza kuwa deni. Linaweza. Mpaka hapo bado ni kazi ya jaji.

Turudi kwenye bahasha ya shemeji. Nilimwambia aangalie kwanza nani kaandika na kuna nini ndani. Zile barua za wakusanya madeni, zenye maandishi mekundu na maneno ya "tunaweza" na "huenda", hazina fomu ya majibu na hao watu hawana uwezo wa kutuma mtu akaja kubeba televisheni yako, hiyo inahitaji hukumu kwanza. Yake ilikuwa na fomu, kwa hiyo ndiyo yenyewe, na siku 30 zinahesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa juu ya barua, siyo siku uliyoishusha juu ya friji. Yeye zilikuwa zimebaki tisa.

Fomu yenyewe haina uchawi. Inakuuliza: unakubali deni lote, unakubali sehemu tu, hujui, au unakataa. Unaona? Fomu yao inajua tofauti kuliko sisi, imeweka kabisa kisanduku cha kukataa na kingine cha kusema sijui. Kuna sehemu ya kusema unatafuta ushauri wa madeni, na sehemu ya kuomba nyaraka, hapo ndipo shemeji aliomba picha za gari, picha za bango kama lilivyokuwa siku hiyo, na mchanganuo wa hizo 170 manake notisi ya kwanza ilisema 100. Wakishaombwa nyaraka wanatakiwa wazitoe ndani ya siku 30 au waeleze kwa nini hawawezi, na hawatakiwi kukimbilia mahakamani kabla hazijapita siku 30 tangu wazilete.

Halafu lile swali la nani alikuwa anaendesha. Barua ilikuja kwake kwa sababu gari imesajiliwa kwa jina lake DVLA, wakala wa serikali wa usajili wa magari. Kuna sheria ya mwaka 2012, Protection of Freedoms Act, jedwali la 4, ndiyo inayowaruhusu wamfuate mwenye gari wasipomjua dereva, lakini kwa masharti, mfano kama ni kamera tu na hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, notisi inatakiwa imfikie mwenye gari ndani ya siku 14. Na kwa njia hiyo mwenye gari hadaiwi zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye notisi ile, kwa hiyo ile 70 iliyoongezwa njiani waieleze wenyewe. Shemeji alikuwa ameshaanza kuandika "nilipaki kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa", nikamshika mkono. Andika "gari ilipaki". Huongopi, ila hulazimiki kuwafanyia kazi yao.

Asingejibu je? Wangefungua kesi, na hapo sasa ndipo ingekuja samansi ya kweli, fomu ya madai yenye namba ya kesi, nyingi zinatoka kituo cha mahakama kule Northampton, una siku 14 tangu ikufikie kisheria, ukithibitisha umeipata zinakuwa 28 za kuandika utetezi. Ukiikalia kimya hiyo, mdai anapewa hukumu bila wewe kusikilizwa, na usipoilipa ndani ya mwezi inakaa kwenye rejista ya hukumu miaka 6, uende kuomba nyumba ya kupanga uone. Wengi wetu inatukuta hivi hivi tumehama, barua zinaenda anuani ya zamani, kwa hiyo ukihama waambie DVLA na hata hao wa paking wenyewe.

Jana usiku shemeji akanipigia, furaha tupu, kaituma fomu kwa barua pepe na nakala kaweka. "Shem, nimeshawajibu mahakama!"

Wa paking, shem. Umewajibu watu wa paking. Mahakama hata jina lako hawalijui bado.