Je, Wajua kwa Nini Wimbi la Jeffreys Bay Haliangukii Mahali Pamoja?

Katika fukwe nyingi za dunia, wimbi linapokaribia nchi kavu huinuka, hupinduka na kuanguka lote kwa mpigo mmoja, na mtu aliyesimama juu ya ubao wa kutelezea hupata sekunde chache tu kabla ya kumezwa na povu. Jeffreys Bay ni tofauti. Katika mji huo mdogo wa jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, ulio kiasi cha kilomita 75 magharibi ya Gqeberha, jiji lililokuwa likiitwa Port Elizabeth, wimbi huanza kuvunjika upande mmoja, kisha mvunjiko wenyewe husafiri kandokando ya pwani kwa mamia ya mita, huku mbele yake ukibaki ukuta wa maji laini ambao bado haujaguswa na povu. Mteleza mawimbi hukimbia juu ya ukuta huo, na siku ambazo bahari imekaa sawasawa safari moja inaweza kupita kilomita nzima.

Sensa ya mwaka 2011 iliupa mji huo wakazi takriban 27,000, wengi wao wakiishi kwa uvuvi wa ngisi, utalii na biashara ndogondogo. Hata hivyo, wachezaji bora wa mchezo huu kutoka Brazili, Australia na Marekani huupanga katika ratiba zao kama watu wanaokwenda mahali pa kupimwa. Kinachowavuta ni maumbile ya pwani yenyewe, na maumbile hayo yanaeleweka vizuri tukilifuata wimbi tangu linakozaliwa.

Linazaliwa mbali sana na mji. Kusini ya Afrika, kati ya latitudo ya 40 na ya 60, bahari inaizunguka dunia bila kuzuiwa na bara lolote, isipokuwa ncha nyembamba ya Amerika Kusini, na vimbunga vya baridi hupita huko kimoja baada ya kingine kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo wake mkali ukivuma kwa muda mrefu juu ya eneo pana la maji, huyapa mawimbi nguvu nyingi, na yale yenye nguvu zaidi hutoka nje ya dhoruba na kuendelea na safari peke yake. Kipimo muhimu hapa ni muda unaopita kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata. Wimbi lenye muda wa sekunde 14 lina urefu wa mita 300 hivi kutoka kilele hadi kilele likiwa katika kina kirefu, na kundi zima la mawimbi ya aina hiyo husafirisha nguvu zake kwa mwendo wa karibu kilomita 39 kwa saa. Kwa hiyo dhoruba iliyo umbali wa kilomita 2,000 hutuma mawimbi yanayofika Jeffreys Bay baada ya siku mbili na ushei, wakati ambapo anga ya mji inaweza kuwa shwari kabisa.

Hapo ndipo panapozuka swali lenye uzito. Mawimbi hayo yanatoka kusini-magharibi, na ufuo wa Jeffreys Bay umeelekea mashariki na kusini-mashariki. Kwa maneno mengine, mji umeyapa mgongo. Kati yake na bahari kuu ipo Rasi ya St Francis, umbali wa kilomita 20 hivi, ambayo imejengwa kwa miamba migumu sana isiyoliwa na bahari kwa urahisi, tofauti na miamba laini ya nyuma yake iliyochimbwa kwa maelfu ya miaka mpaka ikawa ghuba. Inawezekanaje basi wimbi kuzunguka kona hiyo na kuufikia ufuo uliojificha nyuma ya rasi?

Jibu limo katika tabia ya wimbi kuihisi sakafu ya bahari. Wimbi huanza kuathiriwa na sakafu pale kina kinapopungua na kuwa chini ya nusu ya urefu wake, na kwa wimbi letu la mita 300 hiyo ni kama mita 150 kwenda chini. Kuanzia hapo, kadiri maji yanavyopungua ndivyo mwendo wake unavyopungua. Sasa wimbi linapopita kandokando ya rasi, upande wake ulio karibu na nchi kavu huingia katika maji haba na kupunguza kasi, huku upande wa nje ukiendelea kukimbia katika kina kirefu. Ni kama mstari wa askari wanaopiga gwaride bega kwa bega, ambao wa kushoto wameingia kwenye tope na wa kulia wako kwenye ardhi kavu: mstari mzima utageukia kushoto bila mtu yeyote kuamrishwa ageuke. Ndivyo wimbi linavyopinda kuizunguka rasi na kuingia ghubani.

Kupinda huko kuna gharama zake. Nguvu iliyokuwa imekusanyika katika kipande kifupi cha wimbi hutawanyika katika kipande kirefu, na wimbi linapofika mjini linakuwa limepungua kimo kuliko lilivyokuwa kwenye ncha ya rasi. Ndiyo maana siku nyingi rasini kuna mawimbi na Jeffreys Bay hakuna kitu cha maana. Lakini gharama hiyo inaleta faida ambayo kwa maoni yangu ndiyo siri kubwa zaidi ya mahali hapa. Mawimbi mafupi, yale ya fujo yanayotokana na upepo wa karibu, hayaihisi sakafu mpaka yafike kwenye maji haba kabisa, hivyo hayapindi vya kutosha na hupitiliza moja kwa moja baharini. Mawimbi marefu, yaliyotoka mbali na kujipanga njiani, huihisi sakafu mapema na hupinda kwa ukamilifu. Rasi inayachuja mawimbi, ikiyapitisha yale yaliyo safi na kuyaacha mengine yaende zake.

Bado kuna hatua moja. Kama wimbi lingepinda hadi kulingana kabisa na ufuo, lingevunjika lote kwa wakati mmoja kama linavyofanya kwingineko. Kwenye sehemu maarufu iitwayo Supertubes, wimbi hufika likiwa limeinama kidogo kuhusiana na mistari ya kina, yaani mistari inayounganisha sehemu za sakafu zenye kina kimoja, na sakafu ya miamba inateremka kwa utaratibu bila mashimo makubwa wala vichuguu. Wimbi huvunjika pale kina cha maji kinapokaribia kimo chake, kwa kawaida kina kikiwa kimezidi kimo kwa robo hivi, na kwa kuwa wimbi limeinama, kila kipande chake hufikia kina hicho kwa zamu yake. Mvunjiko hukimbia kuelekea mkono wa kulia wa mtu anayeutazama ufuo akiwa majini.

Wenyeji wamezipa sehemu za mkimbio huo majina: Boneyards, kisha Supertubes, kisha Impossibles, kisha Point, na nyingine za kabla na baada yake. Jina la Impossibles linatufundisha jambo la kweli kuhusu pembe ninayoizungumzia. Hapo pembe kati ya wimbi na sakafu hupungua, na pembe ikipungua mvunjiko huenda kasi zaidi, mara nyingi kasi ambayo mwanadamu juu ya ubao hawezi kuifikia, kwa hiyo ukuta humwangukia akiwa bado njiani. Ni wachache tu, katika siku chache, wanaovuka hapo na kuunganisha safari hadi Point. Mabadiliko madogo tu ya pembe hiyo yanatosha kuitenganisha safari ya kukumbukwa na isiyowezekana.

Upepo nao una sehemu yake. Mfumo wa hewa unaoleta dhoruba kusini ndio ambao mkia wake hupita juu ya nchi kavu na kuleta upepo wa kusini-magharibi, na kwa jinsi ufuo ulivyokaa, upepo huo hutoka nchi kavu kwenda baharini. Upepo wa namna hiyo hulipiga wimbi usoni, hulizuia lisianguke mapema, na hulipa nafasi ya kusimama wima zaidi kabla ya kupinduka na kutengeneza handaki la maji ambamo mteleza mawimbi hupita akiwa amefunikwa. Katika miezi ya baridi ya kusini, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi na upepo huo hufuatana mara kwa mara. Kiangazi upepo wa mashariki hutawala, ukivuma kutoka baharini na kuuvurugavuruga uso wa maji.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Mtwara anaweza kuuliza kwa nini kwao, penye bahari ileile ya Hindi, mambo si hivyo. Kisiwa cha Madagaska kinasimama katika njia ya sehemu kubwa ya mawimbi marefu yatokayo kusini, na mawimbi ya kusi yanayofika pwani yetu mengi yamezaliwa na upepo wa karibu, ni mafupi. Isitoshe, miamba ya matumbawe huyapokea yangali mbali, ndiyo maana povu jeupe huonekana mstarini huko nje huku ndani ya mwamba maji yakitulia kiasi cha kumfaa mvuvi wa ngalawa na mkulima wa mwani. Hiyo ni neema ya aina yake, ila si ya kutelezea.

Kuingia majini kwenye Supertubes si jambo jepesi. Ufuo wa hapo una miamba iliyofunikwa na kome wenye makali kama wembe, na watelezaji hupitia mwanya mwembamba kati ya miamba unaoitwa Keyhole. Mtu husimama pembeni akikumbatia ubao, husubiri wimbi lipite, kisha huruka na kupiga kasia kwa mikono haraka kabla linalofuata halijamrudisha juu ya kome. Akikosea hesabu hiyo hutoka na damu miguuni, na ubao wake hutoka na nyufa.

Sifa za wimbi hilo zilianza kuenea miaka ya 1960 na 1970, vijana walipofika na kupiga kambi kwenye vilima vya mchanga. Mwaka 1984 Mark Occhilupo wa Australia, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda mashindano hapo akiteleza huku ameupa ukuta wa maji mgongo, kwa sababu yeye husimama akitanguliza mguu wa kulia. Mkao huo ni mgumu kwenye wimbi linalokimbia kulia, na ilipita miaka 35 kabla ya mwanamume mwingine mwenye mkao kama wake, Gabriel Medina wa Brazili, kushinda hapo mwaka 2019. Walio nje ya mchezo huu wengi wanaukumbuka mji kwa tarehe 19 Julai 2015, papa alipomkaribia Mick Fanning wa Australia katikati ya fainali iliyokuwa ikirushwa moja kwa moja. Alinusurika bila jeraha na fainali ikasimamishwa.

Kuna jambo moja ambalo haifai kulipita haraka. Katika miaka ileile ambayo sifa za wimbi zilikuwa zikienea, sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1953 iliyotenganisha huduma za umma kwa misingi ya rangi iliruhusu fukwe kugawanywa, na fukwe nzuri zikawa za wazungu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1990. Mwaka 1985 Tom Carroll wa Australia, aliyekuwa bingwa wa dunia, alikataa kushindana nchini humo kwa kupinga ubaguzi, uamuzi uliomgharimu pointi na fedha. Ilisubiriwa hadi 2018 ndipo Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza, Mikey February, akaingia katika mzunguko mkuu wa mashindano ya dunia. Wimbi lilikuwapo siku zote. Watoto wa Kiafrika waliozaliwa hatua chache kutoka ufuoni ndio walionyimwa njia ya kulifikia.

Na mawimbi yenyewe yanaweza kupotea. Upande wa pili wa ghuba hiyohiyo, karibu na Rasi ya St Francis, lipo wimbi liitwalo Bruce's Beauties, lililopata jina kutokana na mwongozaji Mmarekani aliyelionyesha katika filamu iliyotoka mwaka 1966. Katika picha za wakati huo nyuma ya wimbi kunaonekana vilima vya mchanga mtupu. Mchanga huo ulikuwa ukisukumwa na upepo wa magharibi kutoka upande mmoja wa rasi, ukavuka juu ya nchi kavu na kumwagika ghubani, ambako uliujaza ufuo na kuisawazisha sakafu. Baadaye vilima vilipandwa mimea ili vitulie, na nyumba zikajengwa juu yake. Mchanga ukakatika. Ufuo wa mji wa St Francis Bay umeliwa na bahari mpaka wenye nyumba za mbele wamelazimika kujikinga kwa kuta za mawe, na Bruce's Beauties siku hizi huvunjika vizuri kwa nadra.

Supertubes imesalimika zaidi kwa sababu msingi wake ni mwamba, ingawa mchanga unaojaza nafasi kati ya mawe nao unachangia usawa wa sakafu, na mchanga huo una uhusiano na vilima vilivyo nyuma ya ufuo. Kwa sababu hiyo watelezaji wa mjini wamejitwika kazi ya kuvitunza: wamerudisha mimea ya asili iliyokuwa imekanyagwa, na watu wanaoshuka kwenda kutazama wimbi hupita juu ya njia za mbao badala ya kukata vijia vyao wenyewe mchangani.