Ziwa Halibebi? Punguza Risasi, Acha Jaketi Kubwa

Wiki hii huyu ni wa tatu. Anaenda Mafia kuzamia, akirudi anataka tushuke naye hapa Luchelele, Ziwa Victoria, na jaketi la kuzamia, lile linalojazwa hewa, ameshalichagua: zito, lenye mito mgongoni kama kochi. Nikamuuliza kwa nini asichukue jepesi. "Mwalimu, ziwa halibebi. Maji haya hayana chumvi, jaketi jepesi si litaniacha chini?"

Nusu ya maneno yake ni kweli. Maji chumvi ni mazito kuliko maji ya ziwa kwa kama asilimia 2.5, kwa hiyo yanabeba zaidi. Mtu mwenye kilo 100, yeye na mtungi na suti na mkanda, aliyekaa sawa baharini, akiingia Victoria vilevile alivyo atakuwa amezidi kama kilo mbili na nusu. Dawa ni kutoa kilo mbili na nusu za risasi, yale madini mazito ya kukuzamisha, mkandani. Basi! Kubaki na risasi usiyoihitaji, halafu ukanunua mfuko mkubwa wa kuibeba, ni kupakia mawe kwenye mtumbwi kisha ukalalamika injini ni ndogo.

Jaketi halikubebi wewe. Mwili wako karibu unajibeba. Linafidia hewa ya mtungini na suti inayobanwa na kina. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukijazwa bar 200, yaani shinikizo lake likiwa limejaa, una hewa ya kama kilo 2.7, na hiyo unaipumua yote isipokuwa akiba. Suti nayo, hata ya milimita 5, inapoteza kilo chache tu. Jumlisha, ongeza ya kukuweka kichwa nje ya maji, na kilo 10 huzifikishi. Majaketi mengi ya safari niliyoyashika yanainua 12 au zaidi.

Kinachonichosha kabisa ni watu wa mizani. Wanapima jaketi kavu, wanasoma kilo, wanaamua. Lipime kwenye pipa! Litoe hewa yote, lizamishe, likamue mpaka mapovu yaishe, uliachie. La mito linaibuka lenyewe. Moja lilikataa kutulia mpaka nilipolilaza chini ya risasi ya kilo nzima. Yaani limekula kilo zako za begi kwenye ndege, na majini bado linakudai risasi.

Bamba la chuma, linalofungwa mgongoni kushika mtungi badala ya mito, ni kinyume chake. Kilo mbili na kitu, watu wanalikimbia, wakati ziwani hiyo ni risasi iliyohamia mgongoni. Anayeishi Mwanza na kuzamia Mwanza ningempa bamba bila kufikiri. Wa safari aliache nyumbani: risasi ataikuta kwa wenyeji wake huko huko.

Jepesi lina aibu zake. Kitambaa ni chembamba na mawe yetu hayana adabu. Langu lina kiraka na sijui litafika mwakani. Chochote kinachoning'inia kikate au kifunge, nyavu za sangara hazichagui. Na silo jaketi la kuokolea, ukizimia halikuahidi kukugeuza uso juu. Mwinuko wa ziwa wa mita 1,134 na jedwali zake za kuzamia, pamoja na kichocho, siku nyingine.

Kuna jambo nalifanya ambalo siwafundishi wanafunzi. Ziwani naongeza kilo moja juu ya kipimo. Hesabu haiitaki. Ila ukiwa huoni hata kiganja chako, mtungi unakaribia kuisha, na juu unasikia injini ya mtumbwi inapita, utaogopa kuibuka kuliko kuzama. Labda ni woga tu.

Yule wa Mafia nilimvalisha langu lenye kiraka, mtungi uliobaki bar 50, nikamsimamisha asipofikia chini. Jaketi tupu, pumzi ya kawaida, miguu imetulia. Maji yakasimama usawa wa macho, panapotakiwa, akiwa na kilo nne. Mkanda aliokuja nao ulikuwa na nane.