Kiberiti hakinuki: dhana potofu kuhusu chemchemi za maji moto

"Hapa pananuka kiberiti." Ndivyo anavyosema karibu kila anayefika kwenye chemchemi za volkano, na si kweli. Donge la kiberiti kikavu, yaani salfa, halina harufu ya maana. Kinachokera pua ni gesi ya haidrojeni salfaidi, na mayai viza hunuka kwa gesi hiyohiyo, kwa kuwa protini ya yai ina salfa ndani yake. Asili ya gesi ya volkano ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Magma ikipanda, shinikizo hupungua, na gesi zilizoyeyuka ndani yake huchomoka kama soda iliyofunguliwa. Haidrojeni salfaidi ikikutana na oksijeni ya hewani, au na salfa dioksidi itokayo huko huko chini, haidrojeni yake huishia kuwa maji na salfa hubaki peke yake. Zile fuwele za njano kwenye midomo ya matundu ya mvuke ni gesi iliyokwisha kubadilika.

Lakini si kila njano ni salfa. Kule Yellowstone, Marekani, kingo za njano na chungwa za Grand Prismatic Spring ni vijidudu vyenye karotenoidi, ndugu wa rangi ya karoti.

"Harufu imekata, basi gesi imekwisha." Hii ndiyo dhana inayoua. Pua huinasa gesi hii hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa, ila ikifika takriban sehemu 100 katika milioni, neva za kunusa hufa ganzi. Tena ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni.

Wengine huamini maji moto, salfa na volkano haviachani. Ziwa Bogoria, Kenya, chemchemi zinatokota, watu huchemshia mayai, lakini maji yake ni ya magadi na gesi inayotawala ni kaboni dioksidi. Tanga nako, karibu na mapango ya Amboni, kuna chemchemi za salfa za Galanos, na Tanga haina volkano. Bakteria wasiohitaji oksijeni huweza kuigeuza salfeti ya miambani, yaani chumvi yenye salfa, kuwa haidrojeni salfaidi ileile.

Na pete yako ya fedha ikitoka majini nyeusi, usimwendee sonara kwa ugomvi. Fedha halisi ndiyo inayoungana na salfa.