Nini maana ya wimbo wa hevi metali wa kulilia haki?

Ukitamka "metali nzito" huku Mombasa, hasa mbele ya mtu wa Mikindani, usitegemee atafikiria gitaa. Atakumbuka risasi. Si ile ya bunduki, bali madini ya betri za magari yaliyokuwa yakiyeyushwa kiwandani ubavuni mwa mtaa wa Owino Uhuru, sumu yake ikaingia mpaka kwenye damu za watoto. Kwa hiyo niweke wazi mapema kwamba hapa nazungumzia muziki. Ila kile kiwanda nitakirudia, kwa sababu sijapata mfano wa karibu zaidi.

Hevi metali ni tawi la roki lililochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Mji unaotajwa sana ni Birmingham, mji wa viwanda, na kundi linalotajwa sana ni Black Sabbath, lililotoa albamu yake ya kwanza Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kibarua katika kiwanda cha vyuma, na akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili. Akajitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akawa analegeza nyuzi za gitaa zisimuumize. Uzi uliolegezwa hutoa sauti ya chini, nzito. Watu wakaipenda, wengine wakaiga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito tunaousikia leo ilitoka kwenye mkono wa kibarua aliyeumia kazini.

Mara ya kwanza utadhani ni kelele tupu. Sauti ya gitaa hukuzwa mpaka ikakwaruza, kama spika ya matatu iliyopasuka, ila huku mkwaruzo ndio unaotafutwa. Halafu kuna kitu kiitwacho rifu: kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa tena na tena, ndicho kinachoubeba wimbo mzima. Ngoma za miguu zinakimbia, mwimbaji anakemea au ananguruma. Tawi la thrashi, lililokomaa California miaka ya 1980, liliongeza mwendo na hasira, na ndilo lililozoea kuimba habari za vita, wanasiasa, mahakama na pesa.

Wimbo wa kulilia haki ndani ya muziki huo ukoje? Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa kundi la thrashi la Metallica, mwaka 1988, wimbo uliobeba jina la albamu nzima: ...And Justice for All, yaani "na haki kwa wote". Maneno hayo hawakuyatunga wao. Ndiyo yanayofunga kiapo cha utii kwa bendera ambacho watoto wa shule Marekani hukisema wakiwa wamesimama, mkono kifuani. Wanamuziki waliyachukua maneno ya dola yenyewe wakayaacha yalivyo, kisha wakayajengea chini yake karibu dakika 10 za muziki unaosema kinyume: pesa ndiyo inayoamua, mwenye nguvu ndiye anayeshinda kesi.

Tujaribu sisi. Wimbo wetu wa taifa una mstari "Haki iwe ngao na mlinzi". Lahani yake imetokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, jirani zetu wa Mto Tana, na hakuna mtoto aliyesimama gwarideni shuleni asiyeujua. Sasa uchukue mstari huo huo, usiuongeze neno, uende nao kwenye kaunta ambako mwezi wa nne sasa unaambiwa faili yako haionekani. Useme kwa sauti. Umegeuka mashtaka. Nadhani hapo ndipo ilipo akili ya nyimbo hizi, kuliko hata kwenye magitaa: zinaishika serikali kwa ulimi wake.

Jalada la albamu ile nalo lina la kusema. Liko sanamu la yule mwanamke ambaye Warumi walimwita Justitia, ambaye kwa desturi huchorwa na kitambaa machoni, upanga na mizani. Hapo amefungwa kamba, ana nyufa, na vitanga vya mizani vimelemewa na noti za dola. Mtu wa hapa hahitaji kufundishwa habari za Warumi ili aelewe. Aliyepita chuoni ameisoma Sura ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo, wale ambao wakijipimia hutaka kamili na wakiwapimia wengine hupunguza. Na aliyekwenda sokoni anaujua mshale. Wiki iliyopita nilikuwa nanunua nyanya, nikatazama mizani kabla muuzaji hajaweka kitu: mshale ulikuwa umeshapanda karibu na robo. Nikamwonyesha. Akaupigapiga kwa kidole, haukushuka. "Imezoea hapo, dada," akasema, akaanza kupima.

Imezoea hapo! Sijasikia tafsiri bora ya lile jalada.

Kuna maneno yanataka kutenganishwa, maana wengi wetu tunayachanganya na nyimbo hizi zikaonekana zinalalamikia jambo moja. Hongo, kwa asili, ilikuwa ushuru uliotozwa misafara iliyotoka pwani kwenda bara, ikilipwa kwa watawala wa njiani ili mizigo ipite. Leo ni chai, ni kitu kidogo, na methali yetu yenyewe inafundisha namna ya kuitoa: penye udhia, penyeza rupia. Ufisadi ni mkubwa zaidi. Asili yake ni Kiarabu, kwenye maana ya kuharibika na kuoza, na wazee wakimwita mtu fisadi walimaanisha mharibifu, hasa yule wa kuharibu wake na mabinti za watu. Siku hizi jina limehamia kwa mla mali ya umma, na sioni kama limepotea njia. Dhuluma ni kunyimwa chako, hata kama hakuna noti iliyokunjwa kiganjani mwa mtu yeyote. Sheria yenyewe inaweza kudhulumu huku imevaa joho, imesoma kifungu, imegonga muhuri.

Hevi metali haijishughulishi sana na chai. Askari wa barabarani hapewi ubeti. Inalia ufisadi na dhuluma: mashine nzima, na mtu mmoja aliyenaswa ndani yake. Ndiyo maana sauti yenyewe ni ya mashine.

Kwa masikio ya pwani hili ni geni kidogo. Sisi tumelelewa kwenye mafumbo. Taarabu inapiga kijembe bila kutaja jina, na anayehusika anajijua mwenyewe, tena pengine anatoka kutuza. Mombasa hii ndiyo ya Muyaka bin Haji, aliyekuwa akirushiana mashairi na watu wa miji mingine mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiyo pia ya Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa hapa 1946, akafungwa kutoka 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kuihoji serikali, akawa anatunga gerezani mashairi yaliyokuja kuchapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Dhiki ile yote, na bado vina vimekaa mahali pake na mizani hazikupungua. Mizani tena, mwaona. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, na hasira ya mtunzi haimpi ruhusa ya kuzipunja.

Hapo ndipo nilipoacha kuziona hizi sanaa mbili kama mbingu na ardhi. Wapigaji wa thrashi nao wanahesabu. Wimbo ule wa 1988 unabadilisha mwendo mara kadhaa, unasimama ghafla, unaingia tena, na mmoja wao akikosa pigo moja wote wanaanguka. Anayedhani ni watu waliokasirika tu na kupiga ovyo ajaribu kupiga meza kwa kidole akiwafuata, aone atakapopotelea.

Turudi Owino Uhuru. Kiwanda kilianza kuyeyusha betri 2007, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo, ndiye aliyeongoza wakazi kudai haki yao, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Wakazi wakaenda mahakamani. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Watu wakashangilia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu tangu kiwanda kiwashwe moto mpaka siku ile ya Desemba: mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza alikuwa na miaka 17, umri ule ule wa Iommi mbele ya mashine yake.

Watu huuliza kwa nini nyimbo hizi ni ndefu, kwa nini zisiseme neno lao katika dakika 3 kama nyimbo nyingine. Mimi nikiitazama kesi ile naona jibu. Rifu inakuja, inaondoka, unadhani imekwisha, inarudi vile vile ulivyoiacha. Inachosha, na inatakiwa ichoshe. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama akisubiri kuitwa, akaambiwa hakimu hayupo, njoo tarehe nyingine, ameshausikia muundo huu.

Nairobi wapo wanaoupiga muziki mzito wa namna hii. Kundi la Duma lilitoa albamu 2020 kupitia lebo ya Kampala, na jina lao si la yule mnyama mwenye mbio, ni Kikikuyu, maana yake giza. Hapa kwetu wengi tunausikilizia kwenye simu, ndani ya vipokea sauti, ili tusigombane na majirani.

Mimi niligombana na ami yangu. Yeye alipiga gitaa la besi kwenye taarabu za harusi miaka mingi, kabla magoti hayajamkataza kusimama usiku kucha. Alasiri moja kibarazani, kahawa iko mbele yetu, nikamwekea ule wimbo. Akauvumilia kama dakika mbili.

"Huyu analia nini?"

"Analia haki, ami."

"Na asilie polepole?"

Nikamweleza: kiapo cha watoto wa shule, sanamu, noti kwenye mizani, tajiri anayenunua hukumu. Akanyamaza. "Dau la mnyonge," akasema, wala hakuimalizia, kwani nani asiyejua haliendi joshi. Nikajua nimempata. Lakini alikuwa amekunja uso bado, kichwa kakiinamisha upande wa simu.

"Besi iko wapi?"

Nilicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Ni kweli, na mashabiki wanaligombania jambo hilo mpaka leo: katika albamu ile nzima, besi haisikiki ila kwa kuitafuta. Mpigaji besi wao wa awali, Cliff Burton, alikufa 1986 basi lao lilipopinduka Sweden wakiwa ziarani. Aliyeingia badala yake, Jason Newsted, akapiga kazi yake yote studio, na ilipokuja kuchanganywa sauti, besi yake ikazamishwa chini ya magitaa na ngoma.

Nikamsimulia ami hayo. Akatikisa kichwa, si kwa kucheka. Magitaa na ngoma hazikumgusa, noti za dola hazikumgusa sana, lakini hili la mtu kupiga halafu asisikike lilimwingia.

"Irudishe nyuma," akaniambia, akaichukua simu akaibana sikioni, akafumba macho, kidole cha kulia kikicheza juu ya paja. "Ngoja. Ngoja kwanza. Yupo huyu, yupo kwa mbali."