Uchovu usioisha kwa kulala: maswali ya watu wa Tanga kuhusu mawazo na nguvu za mwili

Maswali haya hurudi kila tunapokaa kuzungumza habari za afya, iwe Ngamiani, Makorora au Chumbageni. Nimeyaweka karibu na yalivyoulizwa. Majina nimeyaacha.

Nauza samaki wa kukaanga. Sibebi mzigo wala sikimbii popote, lakini jioni nimechoka kama niliyetoka kulima. Mawazo tu yanaweza kuchosha mwili hivi?

Yanaweza, dada, wala si uvivu. Mwili ukihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inaongezeka kwenye damu, misuli inakaza, na tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Mpango huo ni mzuri ukifukuzwa na mbwa: unakimbia, unaokoka, mwili unatulia. Sasa mwili hautofautishi sana mbwa na simu ya mkopeshaji. Umesimama mbele ya karai, mafuta yanachemka, simu inatetemeka kwenye mkoba wa kiunoni. Hujaangalia hata anayepiga, mabega yameshapanda na meno yameumana. Yakitokea hayo mara kwa mara kutwa nzima, na huna pa kukimbilia, misuli inashinda imekaza. Jioni shingo inauma, kichwa kizito, kiungulia juu. Kazi umeifanya, ila hakuna aliyeiona.

Nina mikopo miwili ya kausha damu, ile ya riba kubwa, na marejesho ni kila Jumatatu. Mnatuambia tuvute pumzi. Pumzi italipa deni?

Hailipi. Mimi pia sipendi ule ushauri wa "punguza mawazo" anaopewa mtu mwenye deni, maana angejua namna ya kuyapunguza asingeuliza. Pumzi inakutuliza kwa dakika chache ili uweze kufikiri, basi. Vuta kwa pua huku ukihesabu mpaka 4, toa polepole ukihesabu mpaka 6, uendelee kwa dakika kama 5. Tunapotoa pumzi, neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kifuani hupunguza mwendo wa moyo. Ndiyo sababu kutoa kunafanywa kurefu kuliko kuvuta.

Ukishatulia, chukua daftari lile lile unaloandikia madeni ya wateja. Andika unadaiwa na nani, kiasi gani, na kinatakiwa lini. Deni likibaki kichwani linakuwa kubwa zaidi kila ukiamka usiku. Likiwa kwenye karatasi unaona kiasi chake. Kisha mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, mume, dada, au mwenyekiti wa kikoba chenu. Najua aibu ya jambo hili. Hata hivyo wengi wanaougua kwa madeni wanaugua zaidi kwa kuyaficha. Nenda kwa mkopeshaji kabla ya Jumatatu, usisubiri akufuate, umwombe akupangie upya. Usichukue mkopo wa tatu kulipa wa pili. Halafu uliza kama ana leseni, kwa sababu biashara ya kukopesha inasimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu ndiyo msimamizi wake.

Shikamoo. Mimi naendesha bodaboda. Usiku nageukageuka mpaka saa 8, asubuhi siamki. Kahawa ndiyo inanishikilia.

Marahaba mdogo wangu. Kahawa unainywa saa ngapi? Kijana akaniambia anapitia kijiweni baada ya Magharibi, vikombe viwili vitatu na kashata, kama watu wa hapa walivyozoea.

Tangu tunapoamka, ubongo unajikusanyia kemikali iitwayo adenosini, na ikizidi ndipo usingizi unakuja. Kafeini ya kahawa inakalia nafasi ya adenosini, usingizi ukawa upo lakini huusikii. Kwa mtu mzima inachukua kama saa 5 nusu ya kafeini kutoka mwilini. Kahawa ya saa 1 usiku, ikifika saa 6 nusu yake bado imo. Sikwambii uache kijiwe. Mazungumzo ya barazani ni dawa, na anayejitenga na wenzake ndiye ninayemhofia zaidi. Kaa, cheka, cheza bao. Kahawa inywe asubuhi, jioni uwe mtu wa kashata na maji.

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Ukiamka saa 11 kwa ajili ya Alfajiri, hesabu kinyume: saa 4 usiku uwe umelala. Simu iwe mbali na mto. Kipindi cha kaskazi, joto linapokaba, oga kabla ya kulala na uache hewa ipite, chandarua kikiwa kimefungwa vizuri. Mchana ukizidiwa, egesha pikipiki kivulini usinzie dakika 20. Usiendeshe abiria huku kope zinashuka.

Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu?

Ni kafeini na sukari kwenye chupa. Mtu mwenye presha, mjamzito na mtoto wasiviguse. Mirungi nayo inafukuza usingizi kisha inakudai wote kwa pamoja, tena imepigwa marufuku kisheria.

Mazoezi ya nini, na kutwa nzima nipo kwenye miguu?

Kusimama jikoni kunachosha miguu, moyo haupati zoezi lake. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Tanga hii ya baiskeli hilo si gumu: endesha kwenda sokoni, au tembea jioni kuelekea Raskazone upunge upepo wa bahari.

Nitajuaje kama ni mawazo au ni ugonjwa?

Hujui mpaka upime, na hapa ndipo watu wanapopotea. Uchovu wenye homa, pima malaria siku hiyo hiyo. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda, pima sukari. Kikohozi kilichopita wiki 2 na jasho la usiku, pima kifua kikuu. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya hayangoji kesho.

Kwa wanawake, ninaloshuku mapema ni upungufu wa damu, hasa mwenye hedhi nyingi au aliyejifungua karibuni: viganja vimepauka, moyo unadunda ukipanda ngazi chache. Chai ya rangi pamoja na chakula inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Inywe kama saa moja baada ya kula. Kula mchicha na maharage pamoja na chungwa la Muheza, vitamini C yake inasaidia madini hayo yaingie.

Mume wangu amenyamaza. Halali, hali vizuri, baharini haendi. Wanasema ni mashetani, au atapelekwa Lutindi.

Hali hiyo ikidumu wiki 2 au zaidi, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayoondoa hamu ya mambo, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Kisomo au maombi hamkatazwi, ila visichukue nafasi ya daktari. Lutindi kule Korogwe ni hospitali ya afya ya akili, na si kila mgonjwa analazwa. Wengi hutibiwa huku wakilala nyumbani kwao. Anzeni kituo cha afya cha karibu au hospitali ya Bombo hapa Tanga. Nenda naye, maana peke yake atasema hajambo. Wewe ndiye useme tangu lini halali, nini alikipenda na sasa hakitaki.

Na muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, msimwache peke yake, ondoeni sumu ya panya na dawa zilizomo ndani, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.