Wasami: shule zilizowafuta, na wanaorudi nyumbani

Kwetu ukitaja Norwei, Uswidi au Ufini, mtu hukumbuka misaada. Kibaha, mkoani Pwani, kuna kituo kizima cha elimu kilichotokana na mkataba wa nchi za Nordiki na Tanganyika wa mwaka 1963. Labda ndiyo sababu habari za Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya nchi hizo, hutushangaza.

Dhana: Nchi hizo hazikumlazimisha mtu kuacha asili yake.

Ziliwalazimisha wenyeji wa kaskazini yao wenyewe. Nchi ya Wasami, Sápmi, imegawanyika kati ya Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Mwaka 1851 Norwei ilianza kutenga fedha za kuwageuza Wasami wawe Wanorwei. Mwongozo wa 1898 uliwataka walimu watumie Kisami pale tu ambapo hapana budi. Mwaka 1902 sheria ikagusa na ardhi: huko Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, asiyejua kusema, kusoma na kuandika Kinorwei hakuuziwa ardhi ya serikali. Kuanzia 1905 yakajengwa mabweni ya serikali, watoto wakalala mbali na wazazi. Na mwaka 1963, ule ule wa Kibaha, darasa la kwanza la kuanza kusoma kwa Kisami lilikuwa bado halijafunguliwa, lilikuja 1967. Aliyewahi kuvishwa diski, kile kibao cha aibu, shuleni Kenya kwa kusema lugha ya mama hahitaji maelezo zaidi.

Dhana: Wote walisukumwa wawe kama wengine.

Uswidi ilifanya jambo la ajabu zaidi. Sheria ya 1913 iliwatenga watoto wa wafugaji wanaohamahama katika shule zao, zenye masomo haba, wengine wakifundishwa ndani ya vibanda, eti wasije wakazoea raha wakauacha ufugaji. Wasami wasiofuga wakapelekwa shule za Kiswidi, lugha ikawapotea. Serikali ndiyo iliyoamua nani abaki Msami na nani asiwe. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko marufuku.

Dhana: Msami ni mfuga kulungu wa Aktiki.

Wachache tu. Wengi wa pwani ya Norwei walikuwa wavuvi, na ndio waliomezwa upesi.

Dhana: Radhi zimeshaombwa, yamekwisha.

Mfalme Harald aliomba radhi mwaka 1997, na Bunge la Norwei likafuata Novemba 2024, baada ya ripoti ya tume ya ukweli. Radhi hairudishi ulimi.

Dhana: Lugha ikikatika kizazi kimoja, imekufa.

Kisami cha Inari, mojawapo ya lugha za Kisami, huko Ufini, kilikuwa kimebaki kwa wazee. Mwaka 1997 kilifunguliwa "kiota cha lugha", chekechea ambamo hakisemwi kingine, wazo walilolichukua kwa Wamaori wa New Zealand. Lakini nani angewalea watoto hao, wakati rika la wazazi halijui neno? Mwaka 2009 watu wazima wakaingia darasani mwaka mzima, wakienda pia kwa wazee kuvua na kupika, ili wajifunze lugha ikiwa kazini.

Nguo nayo ina masharti yake. Mapambo ya *gákti*, vazi la Kisami, hueleza mtu ametoka wapi. Mjukuu ambaye bibi yake aliuficha Usami hawezi kumwendea fundi na kitambaa tu. Inambidi kwanza aulize bibi alitoka fyodi ipi, yaani ghuba ipi nyembamba ya pwani.